Mgeni Hulipa Kwanza

Kwa sisi tunaofanya biashara ya viungo mkoani Tanga, Dubai ni jina la kila siku. Iliki, pilipili manga na mdalasini wa Muheza na milima ya Amani hupakiwa kwenye malori, hufika bandarini, na kuanzia hapo mkulima hajui tena mazao yake yameishia wapi. Anayejua ni dalali. Yeye ndiye mwenye namba ya simu ya mnunuzi wa Deira, kule Dubai, ndiye anayejua bei ya jana na ya leo, na ndiye anayeamua kama mzigo wako ni daraja la kwanza au la pili. Kwa miaka mingi nilinunua kwa wakulima na kuwauzia watu wa namna hiyo. Mwaka 2023 niliamua kwenda mwenyewe. Nilitaka leseni yangu, stoo ndogo na ofisi yenye jina langu mlangoni, niwauzie wenye maduka ya soko la viungo bila mtu wa katikati.

Ninaisimulia safari hiyo ya kwanza kwa sababu vijana wengi huniuliza swali moja: niende na mtaji kiasi gani? Ni swali la haki, lakini lipo lingine linalolitangulia: kule unakokwenda, nani anakujua? Nyumbani nikikopa magunia kwa mkulima wa Amani, ananipa kwa sababu anamjua mama yangu, anaijua stoo yangu, na msimu uliopita nilimlipa. Ughaibuni hayo yote hayapo. Kutojulikana kuna bei yake, na gharama nyingi nilizokutana nazo Dubai, ukizichambua moja moja, ni bei hiyo.

Maandalizi yalianzia kwenye makaratasi. Sampuli zangu zilikaguliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, nikapata cheti cha afya ya mimea. Chemba ya Biashara, TCCIA, ndiyo hutoa cheti cha uasilia wa bidhaa kwa mzigo unaosafirishwa, kwa hiyo nikajifunza mapema utaratibu wake. Kampuni yangu imesajiliwa BRELA, na kwa kuwa nilitaka kampuni hiyo ndiyo iwe mmiliki wa ile ya Dubai, nyaraka zake zilipaswa kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, kisha na ubalozi wa Falme za Kiarabu. Huko Dubai zilisubiri hatua nyingine: kutafsiriwa kwa Kiarabu na mfasiri wa sheria mwenye kibali cha Wizara ya Sheria ya huko. Karatasi isiyopitia mlolongo huo, hata iwe ya kweli kiasi gani, haina nguvu yoyote mezani kwa ofisa. Nawashauri wote wanaojiandaa: kazi hii ifanyieni nyumbani kabla ya kupanda ndege, maana kuifuatilia kwa simu ukiwa unalipia chumba cha hoteli kunakula fedha na nguvu.

Mtu wa Pwani akifika Deira anajihisi yupo karibu na kwao. Khor, mkono wa bahari unaoikata Dubai kati ya Deira na Bur Dubai, umejaa majahazi ya mbao yanayopakia friji, matairi na marobota ya nguo. Unavuka ng'ambo kwa abra, boti dogo la abiria, kwa dirham moja. Adhana inasikika, watu wanasalimiana kwa salamu tunazozijua, harufu ya ubani inatoka madukani. Maeneo ya Naif na Baniyas Square Kiswahili hakikosekani. Wamo Watanzania, Wakenya na Wakongomani waliofuata nguo, simu na vipuri, na wenye maduka, wengi wao Wahindi na Wapakistani, wameshajifunza kutaja bei kwa lugha yetu. Kila mlango unamkaribisha mnunuzi.

Mgeni anayetaka kuuza hukutana na hali nyingine, na hilo nililiona asubuhi ya kwanza nilipokwenda soko la viungo. Soko hilo lipo Al Ras, karibu kabisa na kituo cha abra. Vichochoro vyake vina magunia yaliyofunguliwa midomo: ndimu kavu nyeusi, zafarani kwenye vikasha, mawaridi makavu, manjano, iliki za kijani kutoka India na Guatemala. Wafanyabiashara wengi hapo ni wenye asili ya Iran na India. Maduka ya mbele huuza kwa watalii, lakini biashara kubwa hufanyika nyuma, kwenye ofisi za juu zenye ngazi nyembamba.

Mnunuzi aliyenipokea alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye macho ya kazi. Nilimkabidhi sampuli ya pilipili manga. Alichukua chombo cha ujazo wa lita moja, akamimina pilipili mpaka ikafurika, akapitisha rula juu ya ukingo ili kuondoa ziada, kisha akaweka kwenye mizani. Ilisoma gramu 550 na ushee. Katika biashara hii uzito wa lita ndiyo lugha ya kwanza: pilipili nyepesi ni pilipili iliyochumwa kabla ya kujaa, na wanunuzi huuliza kama ni ya gramu 500 au 550 kabla hata ya kuuliza bei. Akasugua punje viganjani, akapuliza vumbi, akavunja moja kwa meno na kukaa kimya kidogo akisikilizia ukali wake. Akaja kwenye mdalasini. Wa kwetu ni wa aina ya Ceylon, gome jembamba linalovunjika kwa vidole, tofauti na lile gome nene na gumu lililojaa masoko mengi ya dunia. Alivunja kipande, akanusa, akatikisa kichwa kuridhika. Aliuliza pia karafuu za Zanzibar, nikamweleza kwamba hizo huuzwa nje kupitia shirika la serikali, ZSTC, na kwamba mimi naweza kumletea za Tanga na Morogoro.

Suala la ubora lilimalizika kwa muda mfupi. Baada ya hapo alikunja mikono na kuuliza: kampuni yako ipo wapi? Leseni namba gani? Umesajiliwa VAT? Nikamwambia ndiyo kwanza naanza. Akaniuliza swali ambalo sitalisahau, na aliliuliza kwa heshima: "Mzigo wa pili ukija mbaya, nitakupata wapi?"

Swali hilo ni la haki kabisa. Yeye ananunua kwa watu ambao baba zao waliuziana na baba yake. Mimi nimeingia na mfuko wa plastiki na maneno. Pilipili yangu ilikuwa nzuri, naye alikuwa tayari kuinunua, lakini kwa kupitia kampuni inayojulikana hapo Dubai, maana yake kwa kupitia dalali yuleyule niliyemkimbia.

Nikaanza kutafuta leseni. Katika mitaa ya Deira kuna mawakala wengi wanaouza vifurushi vya kuanzisha kampuni, na matangazo yao yanavutia: leseni ya haraka, bei nafuu, bila ofisi. Nyingi kati ya hizo ni leseni za kanda huru, na baadhi hutolewa na falme nyingine kabisa nje ya Dubai. Kanda huru zina manufaa yake. Ile ya Jebel Ali, iliyoanzishwa mwaka 1985 pembeni ya bandari, imejenga biashara kubwa ya kupokea mizigo na kuipeleka nchi nyingine. Lakini kwa kawaida kampuni ya kanda huru huhesabiwa kama ipo nje ya soko la ndani, na haiuzi moja kwa moja kwa mwenye duka la Al Ras bila kupitia msambazaji au kibali kingine. Kwa mtu ambaye wateja wake wote wapo vichochoroni mwa Deira, leseni ya bei rahisi ya namna hiyo ni fedha iliyotupwa. Mgeni aanze kwa kujiuliza atamuuzia nani na wapi, ndipo achague leseni. Wakala yeye huanza na bei, kwa sababu bei ndiyo anayoiuza.

Mzee mmoja aliyezaliwa Unguja, aliyehamia Ghuba kijana baada ya mwaka 1964, alinifafanulia historia ya mgeni kumiliki kampuni Dubai. Nilimkuta ofisini kwa rafiki, tukasalimiana, "Shikamoo mzee," "Marahaba mwanangu," akaagiza chai na kunipa somo. Zamani, aliniambia, mgeni aliyetaka kufungua duka nje ya kanda huru alilazimika kumtafuta mwenyeji wa nchi, na sheria ilimtaka mwenyeji huyo amiliki asilimia 51 ya kampuni. Wageni wengi waliweka mtaji wote wao wenyewe, wakamlipa mwenyeji ada ya kila mwaka, na kuandikiana mikataba ya pembeni. Wenyeji hao, walioitwa makafili, wengi walikuwa watu wa haki. Taabu ilikuja pale kafili alipofariki au alipogombana na mgeni wake, maana karatasi rasmi ilisema sehemu kubwa ya duka ni yake, na warithi walikuwa na haki ya kuisoma hivyo. "Mwanangu," akasema, "wewe umekuja wakati mzuri. Lakini usikubali karatasi iseme jambo moja na moyo wako jingine."

Ni kweli kwamba nimekuja wakati mzuri. Sheria ya makampuni ilirekebishwa mwishoni mwa mwaka 2020, na kuanzia Juni 2021 mgeni anaweza kumiliki asilimia 100 ya kampuni katika shughuli nyingi za biashara, za viungo zikiwemo. Hata hivyo nilikutana na watu wa kwetu ambao bado wanafanya biashara chini ya leseni za wengine, mizigo yao ikiingia kwa jina la mtu, fedha zikipita akaunti ya mtu. Wanasema ni rahisi. Ni rahisi mpaka siku ya mgogoro, na siku hiyo mahakama itasoma jina lililoandikwa.

Nikachagua leseni ya Dubai yenyewe, inayotolewa na Idara ya Uchumi na Utalii. Hatua zake zinaeleweka: unahifadhi jina la biashara, unapata idhini ya awali, unaandika katiba ya kampuni, unapata anuani, unalipa, unapewa leseni. Kila hatua ina maelezo na mengi hufanyika mtandaoni. Ukitumia jina la mtu kwenye kampuni, liwe jina kamili la mmiliki, vifupisho havikubaliwi. Mimi niliketi kwenye ofisi ya uchapaji, zile ofisi ndogo zilizojaa Deira ambapo makarani hukujazia fomu za serikali kwa Kiarabu. Karani wangu, kijana kutoka Kerala, alichapa huku pasipoti yangu ikiwa imefunguliwa mbele yake. Alipofika kwenye jina langu aliligeuza kwa herufi za Kiarabu, akageuza skrini upande wangu, akanitaka nilisome. Nashukuru chuo cha Kurani nilichosomeshwa utotoni. Nilisoma, nikaona herufi imekosewa, akairekebisha. Herufi moja tofauti kati ya leseni, mkataba wa pango na kitambulisho inaweza kukurudisha mwanzo wa foleni benki.

Kwenye anuani ndipo nilipouona mduara ambao wageni wengi huingia bila kuujua. Leseni inahitaji mkataba wa pango uliosajiliwa katika mfumo wa serikali uitwao Ejari. Mwenye jengo, kwa desturi ya Dubai, hulipwa kodi ya mwaka kwa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele: moja, mbili au nne, zote zikikabidhiwa siku ya kusaini. Hundi hutoka benki. Benki haifungui akaunti ya kampuni bila leseni na kitambulisho cha ukaazi cha mmiliki. Kitambulisho kinatokana na viza ya ukaazi, na viza ya mwekezaji inatokana na leseni. Umerudi ulikoanzia.

Mduara huo hukatwa kwa fedha taslimu. Nililipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, kabla sijauza hata kilo moja. Juu yake kulikuwa na ada ya dalali wa jengo, amana ya mwenye jengo, amana ya umeme na maji, na ada ya soko inayokokotolewa kutokana na kodi ya pango. Mwenyeji au mkaazi wa muda mrefu angegawa kodi hiyo kwa hundi nne na kuilipa kutokana na mauzo. Tofauti kati yangu na yeye ni kwamba yeye anajulikana na mimi sijulikani, na tofauti hiyo ilinigharimu fedha iliyotosha kununua sehemu kubwa ya mzigo wangu wa kwanza.

Dada mmoja wa Kitanga anayekusanya mizigo ya wafanyabiashara pale Deira, aliyekaa huko muda mrefu, ndiye aliyenipa moyo. "Mdogo wangu," alisema, "mwaka wa kwanza unanunua jina. Biashara utaiona wa pili." Alinionyesha daftari lake la miaka ya mwanzo, jinsi kodi na viza zilivyokuwa zikizidi faida. Alisalimika kwa sababu alikuja na fedha ya kuishi iliyotengwa mbali na fedha ya biashara. Wenzake kadhaa, aliniambia, walikuwa na bidhaa nzuri na wateja wazuri, wakarudi nyumbani kwa sababu walikula mtaji wakisubiri karatasi.

Leseni ilipotoka nikafuata viza. Kuna kipimo cha damu na picha ya kifua, kisha alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho. Ninalisema hili wazi kwa sababu watu huona haya kulizungumza: mwombaji anayekutwa na virusi vya UKIMWI hapewi ukaazi. Mtu anayepanga kuhamishia biashara huko apime kwao kwanza, ajue hali yake na haki zake kabla ya kulipia pango la mwaka.

Benki ilikuwa mlima mrefu kuliko yote. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, na haikuondolewa mpaka Juni 2025. Falme za Kiarabu zenyewe zilikuwa kwenye orodha hiyo kuanzia Machi 2022 mpaka Februari 2024. Kwa hiyo nilifika wakati benki za Dubai zinachunguzwa, nazo zinamchunguza mteja yeyote anayetoka nchi kama yangu mara mbili zaidi. Waliniomba taarifa za akaunti za nyumbani, maelezo ya mtaji umetoka wapi, ankara za mauzo, na mikataba na wateja wa Dubai, ilhali kampuni ilikuwa imezaliwa juzi. Benki ya kwanza ilinikataa kwa ujumbe mfupi usiotaja sababu. Inauma. Umefuata sheria kila hatua, umelipa kila ada, na mtu asiyekujua anakufungia mlango bila neno.

Benki ya pili ilinikubali baada ya majuma ya maswali, na ninajua kilichonisaidia. Kwa miaka mingi mauzo yangu ya Tanga nimeyapitisha benki, na nina risiti za mashine ya EFD na hesabu za kodi zilizopelekwa TRA. Yule mnunuzi wa Al Ras naye aliniandikia barua kwamba yupo tayari kununua. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ughaibuni mali bila daftari haifunguliwi hata akaunti. Wapo wafanyabiashara wetu wenye mtaji mkubwa kuliko wangu ambao wangekwama hapo, kwa sababu fedha yao yote hutembea mkononi na kwenye simu bila maandishi yanayoeleza ilikotoka.

Kuna mambo mengine ambayo ningependa kila anayejiandaa ayajue mapema. Bidhaa ya chakula inayoingia Dubai husajiliwa na Manispaa, na pakiti ya rejareja lazima iwe na lebo ya Kiarabu yenye jina, viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na nchi ilikotoka. Dhana kwamba Dubai haina kodi imepitwa na wakati. VAT ya asilimia 5 ilianza Januari 2018, na usajili ni lazima mauzo yako ya mwaka yakipita dirham 375,000, ambazo kwa kuwa dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 ni kama dola 102,000. Kwa miaka ya hesabu iliyoanza Juni 2023 na baadaye, faida inayozidi kiasi hichohicho hukatwa kodi ya asilimia 9, na kampuni inapaswa kujisajili hata kama haijapata faida.

Kisha kuna mkopo, na hapa ndipo wengi huanguka wakiwa tayari wameshafungua milango. Biashara ya jumla ya Deira huendeshwa kwa muda. Mnunuzi huchukua mzigo leo na kukupa hundi ya siku 60 au 90 mbele. Mkulima wa Amani anataka fedha yake pale kwenye mizani, na ana haki, ana watoto shuleni. Hesabu ndiyo hii: ukinunua Julai, ukasafirisha Agosti, ukatoa mzigo bandarini Septemba na kuuza Oktoba, hundi ya siku 90 inaiva Januari. Nusu mwaka shilingi yako haipo mkononi, na katikati yake msimu unaendelea na mkulima anakungoja. Mtaji wa mzigo mmoja hauendeshi biashara ya namna hiyo. Inahitaji mtaji wa mizigo miwili au mitatu, au mteja mmoja anayelipa taslimu kwa bei ya chini kidogo. Mimi nilianza na huyo wa pili, na siijutii ile bei.

Hundi zenyewe zina historia ya hofu. Wazee wa Deira bado wanasimulia watu waliofungwa kwa hundi moja iliyorudi. Tangu Januari 2022 hundi isiyo na fedha kwa kiasi kikubwa hushughulikiwa kama deni linalokaziwa hukumu, na jinai imebaki kwa mambo ya udanganyifu. Kwa mwenye kuandika hundi ni nafuu. Kwa mwenye kupokea, hasa mgeni asiyejua nani analipa na nani halipi, ni sababu ya kuuliza sokoni kabla ya kuachia mzigo. Hapo thamani ya kujuana inarudi tena: wenyeji wa soko wanajua jina la kila mlipaji mbaya, na mgeni hujua baada ya kuumia, isipokuwa awe na mtu wa kumuuliza.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na macho mengine. Kariakoo ina Wakongomani, Wakenya, Warundi na Wachina, na nimekuwa nikiwapita bila kufikiria wanapitia nini. Julai 2025 Serikali yetu ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo za rejareja na jumla, uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu, saluni na uongozaji wa watalii. Faini yake haipungui shilingi milioni 10, kifungo hakizidi miezi 6, na viza na kibali cha ukaazi hufutwa. Waliokuwa na leseni waliruhusiwa kuendelea mpaka ziishe muda. Kenya ililalamika kwamba amri inapingana na makubaliano ya soko la pamoja la Afrika Mashariki.

Kila nchi ina haki ya kumlinda mchuuzi wake, na nimeona kwa macho yangu mchuuzi wa Kariakoo anavyobanwa na mwenye mtaji mkubwa kutoka mbali. Naunga mkono ulinzi huo. Lakini kwa kuwa nimeshakuwa mgeni, nataka nchi yangu imtendee mgeni kama nilivyotaka kutendewa: masharti yaandikwe wazi, yajulikane kabla hajaweka mtaji, na yakibadilika apewe muda wa kujipanga. Mgeni ni kuku mweupe, kila jicho linamwona, na kwa sababu hiyo ni rahisi kumbebesha lawama za soko zima. Mkenya aliyefungua karakana ya simu kwa leseni halali naye ana mama yake, naye alilipa pango kabla hajapata mteja.

Ofisi yangu ya Deira ipo wazi. Ni chumba kimoja chenye mizani, chombo cha lita moja na rafu za sampuli, na yule mnunuzi wa Al Ras sasa anapanda ngazi zangu kama mimi nilivyopanda zake. Ninachoomba ni kwamba wanaofuata wasilipe bei yote niliyolipa mimi. Chemba zetu na balozi zetu zinaweza kusaidia kwa jambo la gharama ndogo: barua inayothibitisha kwamba mfanyabiashara fulani amekuwa akilipa kodi na kusafirisha mizigo kwa miaka kadhaa, iliyoandikwa kwa namna ambayo benki ya nje inaweza kuihakiki. Barua ya namna hiyo ingemfupishia mgeni miezi.

Na wewe unayeniuliza habari ya mtaji, anza leo. Pitisha mauzo yako benki, toa risiti, tunza ankara, lipa kodi na uhifadhi uthibitisho. Nenda kwanza uangalie soko na umjue mtu mmoja mwaminifu kabla ya kulipa ada yoyote. Tenga fedha ya mwaka mzima wa kodi na chakula, na usiiguse kwa mzigo. Kila karatasi iwe na jina lako. Ukifanya hayo, siku utakapoulizwa utapatikana wapi mzigo ukiharibika, utakuwa na jibu la kuweka mezani.